Mboya Alikuwa Kanjo

Ukisema "kanjo" hapa Eastlands, watu wanatoka mbio. Mama mboga anakunja gunia, boda inageuka. Sasa skia hii: Tom Mboya alikuwa kanjo. Huyo huyo wa sanamu pale Moi Avenue.

Karo ilipomzuia kuendelea na masomo Mang'u, alienda kusomea ukaguzi wa afya, maana huko hakukuwa na karo. (Sisi tulioacha chuo hiyo hesabu tunaielewa haraka.) Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, kazi ileile. Siku moja mama Mzungu alileta maziwa yapimwe, akamkuta Mboya peke yake, akauliza kama kuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yako sawa.

Wengi wakisimulia, hadithi inaishia hapo. Mimi kinachonishika ni kazi yenyewe. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 uliandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Nyumba nyingi za mitaa yetu zilijengwa kwa hesabu ya bachela: mwanaume mmoja, kitanda kimoja, familia ibaki ushago. Mshahara nao ulikuwa wa bachela. Ramani haiwezi kukuonyesha watu wangapi wanalala chumba kimoja, au wangapi wanapanga foleni ya choo asubuhi. Mkaguzi anaona, kwa sababu kazi inampitisha mlango kwa mlango. Huo ni utafiti, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Na hakukaa nayo tu kichwani. Chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza alikigeuza kuwa chama halisi cha kutetea mishahara. 1957 akachukua kiti cha Nairobi bungeni. Kufikia 1965 alikuwa waziri wa mipango ya uchumi wa nchi nzima.

Leo mitaa yetu ya zamani imo kwenye mipango ya kubomolewa ijengwe ghorofa. Nyumba za zamani za Pangani zishaenda. Kabla tingatinga haijafika, kuna mtu hupita na fomu: chumba kina watu wangapi, nani mpangaji halali, nani apewe nyumba mpya. Ukisahaulika hapo, umeenda. Na bado msee wa Bahati aliyesoma mipango miji ananiambia hawezi omba kazi City Hall, ati mtaa utamwita kanjo. Buda, hiyo fomu ya nyumba ya mamako unataka ijazwe na nani?