Karafuu Zimekataa: Grice, Baraza ya Kengeja na Sinema za Mkoloni

Chukulia uko Kengeja, kusini mwa Pemba, umekaa barazani baada ya sala ya alasiri. Kijana anamwambia mzee, "Ami, nikopeshe elfu khamsini." Mzee anaangalia njiani, kisha anasema: "Karafuu mwaka huu zimekataa kabisa." Basi. Kijana anaitikia, anauliza hali za watoto, mazungumzo yanaendelea. Hakuna aliyetamka "hapana", lakini wewe na mimi tumeisikia.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alilieleza jambo hili katika mihadhara yake Harvard mwaka 1967. Wazungumzaji, alisema, hushirikiana: husema cha kutosha, wanachoamini ni kweli, kinachohusu, na kwa uwazi. Utamu uko hapa: mtu akivunja kanuni mbele ya macho yako humwoni punguani. Unajiuliza, anakusudia nini? Mwongo naye huvunja, ila yeye anaomba usigundue. Ami anataka ugundue.

Sasa twende sinema. Kati ya 1935 na 1937, mradi wenye makao Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika mambo kama safura na kuweka akiba posta. Baadaye William Sellers, wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, bila mikato ya haraka, kila hatua mwanzo hadi mwisho. Kwa lugha ya Grice, mtazamaji asiachiwe chochote cha kukisia. Yaani watu waliolelewa kwa mafumbo, kanga zenye maneno na taarabu ya Siti binti Saad, iliyokuwa kwenye santuri tangu 1928, ndio walioonekana hawataelewa kisichosemwa! Samahani, hapa huwa napandisha sauti kidogo.

Linganisha na Awara ya Raj Kapoor, filamu ya Kihindi ya 1951 iliyopendwa mno Zanzibar. Raj anashtakiwa kwa kujaribu kumuua Jaji Raghunath. Wakili wake, Rita, anamhoji jaji mahakamani, lakini badala ya kung'ang'ania tukio lenyewe anamuuliza habari za mke wake wa zamani. Hayo yanahusu nini? Kanuni ya uhusiano imevunjwa hadharani, na hapohapo unaanza kushuku kwamba mshtakiwa na jaji wana jambo baina yao. Ni kweli: Raj ni mwana wa jaji, wa mke aliyemfukuza. (Na aliyeigiza jaji, Prithviraj Kapoor, ni baba mzazi wa Raj Kapoor.) Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, na walirudi kuitazama tena na tena.

Na yule kijana wa Kengeja? Subiri wiki mbili. Atapita tena barazani, asalimie, akae, kisha aseme taratibu: "Ami, nasikia bei ya karafuu imepanda." Safari hii kazi ya kufasiri ni ya mzee.