Sheria Mpya na Mlango wa Hospitali

Neno bima si geni masikioni mwako, ewe msomaji. Maana yake ni nyepesi: watu wengi huchanga kidogo kidogo wakiwa wazima, ili yule atakayeugua kesho asilazimike kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipia kitanda cha hospitali. Lakini historia ya bima ya serikali hapa Kenya yaonyesha jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Kuandika sheria ni kazi moja. Kuifikisha mpaka nyumbani kwa mtu ni kazi ya pili, na mara nyingi hiyo ya pili huachwa bila mwenyewe.

Wakati wa ukoloni, hospitali zilitengwa kwa rangi za watu. Baada ya Uhuru serikali iliondoa ada za matibabu ya wagonjwa wasiolazwa, mwaka 1965, na mwaka uliofuata Bunge likaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake nne, NHIF. Hapo mwanzo ilikuwa ya waajiriwa waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, nao walikatwa shilingi 20. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa rahisi kwao! Karani wa ofisi hakuhitaji kueleweshwa sana, kwa maana mwajiri ndiye aliyekata fedha, akaandika jina, akapeleka mchango. Mkulima na mvuvi hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Hata walipofunguliwa mlango mwaka 1972, wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari, ilimpasa kila mmoja wao awe karani wake mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Desemba 1989 ada zilirudishwa katika hospitali za serikali. Mwaka 1990 nyingine zikasimamishwa. Kisha zikarudi tena kwa awamu. Mwaka 2004 mgonjwa alitakiwa kulipa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 hizo nazo zikafutwa. Mwaka 2015 mchango wa NHIF kwa wanachama wa hiari ulipanda ghafula kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Naam, mama wa kijijini aliyeshindwa kujua ni kanuni gani iliyokuwa ikifuatwa mwaka gani hastahili kuitwa mjinga.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na sheria ya Oktoba 2023, iliyoiondoa NHIF na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo, ndipo tarehe 1 Oktoba 2024 utaratibu mpya ukaanza. Hebu fikiri: katika muda wa miezi mitatu jamaa moja iliweza kusikia redioni kwamba sheria imekufa, kisha kwamba imefufuka, kisha kwamba NHIF haipo tena. Waliokuwa wanachama wa zamani walitakiwa kuhakikisha kwamba majina yao yamehamishwa, na kwamba wake, waume na watoto wao wameorodheshwa. Siku za kwanza mitambo ilikwama katika hospitali kadha wa kadha, na wapo wagonjwa walioambiwa walipe fedha taslimu.

Tatizo lililowasumbua watu zaidi, kwa maoni yangu, lilitokana na maneno mawili yanayofanana: kujiandikisha na kulipa. Aliyejiandikisha hupata matibabu ya kawaida katika zahanati na kituo cha afya bila malipo, kwa gharama ya serikali. Lakini akihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, au kupasuliwa, yampasa awe pia amelipa mchango wake. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake, paa lake, maji yake na choo chake, ndipo akadiriwe kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Utasema, mbona 300 ni chini ya 500 za zamani? Ni kweli. Lakini hizo hutakiwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mkupuo, na mchuuzi wa mboga apataye riziki ya siku kwa siku hazioni 3,600 zikiwa pamoja. Ndiyo sababu mwaka 2025 serikali ilianzisha mkopo wa kumwezesha mtu kulipa pole pole. Mzee aliyejiandikisha akadhani amemaliza, hulijua kosa hilo dirishani pa hospitali, mgonjwa akiwa amelala kwenye machela.

Basi ni nani wa kumwambia mapema? Mwenye simu aweza kubonyeza *147# akaiona hali yake. Asiye na simu, au asiyejua kusoma, humtegemea jirani. Septemba 2023 serikali iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na simu, wapite nyumba kwa nyumba. Hao hupima shinikizo la damu na sukari, huwauliza wazazi juu ya chanjo za watoto, na pamoja na hayo yote huwaandikisha watu katika SHA na kuwafafanulia yale ambayo mawakili walibishania mbele ya majaji. Ujira wao uliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti.