Wapaazwa, si Waliovunjika

Jopo moja la istilahi, ambalo sitalitaja kwa kuwa wajumbe wake wanajijua, limependekeza neno Dalit, jina wanalojiita watu wa India waliohesabiwa najisi kwa kuzaliwa katika mfumo wa kasta, liwe "waliovunjika" kwa Kiswahili. Ningenyamaza kama kosa lingekuwa la ladha tu. Hili ni kosa la sarufi, tena ile inayofundishwa sekondari. Kilichovunjika huenda kimeanguka chenyewe. Kilichovunjwa kina mvunjaji. Kauli ya kutendwa hudai mtenda, kauli ya kutendeka humficha. Na harakati za watu hawa, tangu Jyotirao Phule alipoanzisha chama chake cha Satyashodhak mwaka 1873, zimekuwa ubishi mmoja mrefu juu ya mtenda huyo.

Turudi Kisanskriti. Mzizi ni dal, kupasua, kuvunjavunja. Ndio uliozaa dal ya chakula, ile mbaazi au choroko iliyopasuliwa, isiyokosekana katika jiko la Kigujarati, liwe la Mombasa au la Dar es Salaam. Je, Mswahili huitaje kazi ya kuvunja nafaka kwa jiwe isifikie kuwa unga? Si kuponda, wala si kusaga. Ni kupaaza. Basi Dalit mmoja ni mpaazwa, wengi ni wapaazwa. Na lugha yetu imetupa nyongeza ambayo Kisanskriti hakina, maana kuna kupaaza nafaka na kuna kupaaza sauti. Wapo watakaosema hayo ni maneno mawili yaliyofanana umbo tu. Na yafanane, washairi wetu wamekula kwa mfanano huo karne nzima.

Majina mengine mengi walipewa na watu wa nje. "Wasioguswa" ni jina la anayejiona msafi. Harijan, watu wa Mungu, lilienezwa na Gandhi, akaliita hivyo hata gazeti lake la mwaka 1933. B. R. Ambedkar, kiongozi wao, na wafuasi wake waliliona ni la kubembelezwa. "Kasta zilizoorodheshwa", la sheria ya Waingereza ya 1935, linanuka karani. Dalit lilipata makali pale vijana wa Bombay, akiwamo mshairi Namdeo Dhasal, walipounda Dalit Panthers mwaka 1972 kwa kufuata mfano wa Black Panthers wa Marekani. Ilani yao ya mwaka uliofuata ililipanua jina hilo mpaka likawachukua wakulima wasio na ardhi, wafanyakazi na wanawake. Mwaka 2018 wizara ya habari ya India ilivishauri vyombo vya utangazaji viliache, vishike jina la kikatiba, hilohilo la kasta zilizoorodheshwa. Jina butu serikali haihangaiki nalo.

Waliovunjika hawaendi bwawani. Tarehe 20 Machi 1927, mjini Mahad, Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi bwawa la Chavdar, akainama, akachota maji kwa mkono, akanywa. Halmashauri ya mji ilikuwa imekwisha kupitisha kwamba bwawa ni la wote, lakini kwao azimio lilibaki karatasi. Siku hiyo walipigwa, kisha wakubwa wa mji wakalitakasa bwawa kwa samadi na mkojo wa ng'ombe. Kesi ilikwenda mpaka mahakama kuu ya Bombay, na mwaka 1937 wakaishinda. Ibara ya 17 ya katiba ya India, inayofuta unajisi wa kuzaliwa, ilitanguliwa na maji hayo. Leo viti 84 kati ya 543 vya bunge la wananchi vimetengwa kwa ajili yao. Mwaka 1995 Mayawati, mwanamke wa kwao, alishika uwaziri mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh. Na mwaka 2016, vijana walipochapwa hadharani huko Una kwa kumchuna ng'ombe aliyekwisha kufa, wenzao wa Gujarat waligoma kuzoa mizoga, wakaimwaga mbele ya ofisi ya serikali mjini Surendranagar. Uvundo ulisomeka vizuri kuliko barua yoyote ya malalamiko.

Mpinzani wangu mmoja, msomi wa kuheshimika sana kwa maoni yake mwenyewe, anataka tuseme "Wadaliti" tuishie hapo. Tumewahi kufanya hivyo. Neno Banyani linatokana na vaniya, jina la kasta ya wafanyabiashara wa Gujarati. Tulilichukua bila maana yake, tukampaka kila Mhindu, fundi na mfagiaji pamoja, kisha tukalitungia methali ya kiatu. "Wadaliti" litafika hukohuko. Wanaoandika "tabaka la chini" ndio siwaelewi kabisa: mtu hutoka tabaka lake akipata fedha, ilhali kasta, kama Ambedkar alivyoeleza tangu 1916, ni tabaka lililojifungia mlango, na ufunguo wake ni ndoa.

Matumizi: mpaazwa, wapaazwa, na upaazwa kwa hali yenyewe, herufi kubwa kwa watu na harakati zao. Jopo liliniuliza neno hili limewahi kuchapishwa wapi. Nikawajibu kwamba hata hilo lao halikuwa limechapishwa popote kwa maana hiyo mpaka walipolichapisha wao. Tangu hapo sijaalikwa kikaoni.