Mapishi Yasiyoandikwa

Historia ya watu aghalabu huandikwa kwa wino wa wafalme. Husimuliwa nani alitawala, nani alishindwa vitani, ngome gani ilijengwa na mkataba gani ulitiwa sahihi. Lakini kabla mfalme hajaketi barazani amekwisha kula, na kabla askari hajashika silaha yupo mtu aliyewasha moto akainjika chungu. Kazi ya mtu huyo haina kumbukumbu katika nyaraka za serikali. Elimu yake haikuwekwa maktabani. Iliwekwa katika kiganja cha mkono, katika pua na katika ulimi. Binti aliipokea kwa mama, mke kwa wifi, na jirani kwa jirani. Hata hivyo elimu hiyo isiyoandikwa ndiyo iliyowalea watu wa Afrika Mashariki kwa karne nyingi, na mahali ilipokatika watu waliumia. Neno hili si sifa tupu ya jiko. Ushahidi wake upo.

Mwanzo wa ushahidi huo umo ardhini. Wataalamu waliochimba mabaki ya miji ya kale katika kisiwa cha Pemba wameona kwamba nafaka kuu ya wenyeji wa zamani ilikuwa mawele. Tangu karne ya 11 punje za mpunga zilianza kuonekana kwa wingi, hata mchele ukapata daraja la chakula cha heshima. Mawele na mtama ni wenyeji wa Afrika. Mpunga, mgomba na mnazi ni wageni waliotoka Asia kwa njia ya bahari. Leo hapana mtu wa pwani anayeuona mnazi kuwa ni mgeni. Umekwisha kupewa uraia jikoni, na uraia huo haukutolewa na mtawala yeyote. Ulitolewa na yule wa kwanza aliyekuna nazi, akaikamua tui, akalitia katika wali, kisha akamwonyesha mwenziwe namna ya kufanya.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, akakaribishwa na mtawala wa mji. Katika habari za safari zake alieleza chakula alichoandaliwa. Kilikuwa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando zililetwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, pilipili za siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa alikuta chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki, na nafaka yao ikiletwa kwa vyombo kutoka pwani. Msomaji wa leo akizisoma habari hizo hawi mgeni. Wali, kitoweo juu yake na achari kando bado ni karamu katika nyumba nyingi za pwani. Masultani wa Kilwa wamepita, Wareno wamepita, na sahani ile ingalipo mezani.

Wareno walipita pwani hii mara ya kwanza mwaka 1498. Katika karne zilizofuata, kwa njia ya merikebu zao na za mataifa mengine, yaliingia mazao ya Amerika: mahindi, muhogo, viazi vitamu, nanasi na pilipili kali. Lugha yenyewe imehifadhi mshangao wa watu walioyapokea. Mahindi yalipewa jina la India, ingawa asili yake ni Amerika. Maadamu yalitoka ng'ambo ya bahari, yalihesabiwa kuwa ya huko kunakotoka vitu vya ng'ambo. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuweza kuwa hii nyekundu ya leo, kwa kuwa hii ilikuwa haijavuka bahari. Ile nyekundu ilipofika ilichukua jina la mwenyeji wake, na yule mkongwe akalazimika kuitwa pilipili manga ili watu wasichanganye. Hivyo ndivyo mgeni awezavyo kumpokonya mwenyeji hata jina.

Lakini katika wageni hao wote muhogo ndio uliowatia wapishi katika mtihani mkubwa. Ipo mihogo mitamu, ambayo mtu aweza kuimenya na kuichemsha, au kuipika kwa tui pamoja na samaki wa kukaanga. Ipo na mihogo michungu, ambayo ndani yake imo sumu. Wakulima wengi huipenda hii ya pili, maana huvumilia ukame na ardhi dhaifu, na uchungu wake huwakimbiza baadhi ya wanyama waharibifu. Ili iliwe kwa salama hapana budi itolewe sumu: imenywe, ilowekwe majini kwa siku kadhaa hata ilainike, au ivundikwe, kisha ianikwe juani mpaka ikauke barabara, ndipo itwangwe kuwa unga. Jahazi laweza kuleta mche wa muhogo. Haliwezi kuleta subira ya kuuloweka. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walikuwa na njia zao za kuitoa sumu hiyo tangu zamani. Katika Afrika watu walipaswa kujifunza njia zinazofaa kwa maji, jua na vyombo vyao, na kila aliyeijua njia iliyo salama alipaswa kumwambia mwingine. Hapa kufundishana upishi hakukuwa anasa wala mazungumzo ya kupitisha jioni. Kulikuwa ni kulinda uhai.

Jinsi uhai huo ulivyo karibu na chungu ilionekana dhahiri katika karne ya 20. Mwaka 1938 daktari mmoja alieleza ugonjwa alioukuta katika nchi ya Kwango huko Kongo, ambao wenyeji waliuita konzo. Mtu mzima wa afya, au mtoto, huanza ghafula kulemaa miguu yote miwili, na ulemavu huo hauponi. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,100 walipatwa na maradhi ya namna hiyo hiyo, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana pia wilayani Tarime nchini Tanzania. Wachunguzi walikuta sababu moja katika mahali mbalimbali. Mazao mengine yalikuwa yamekauka, watu wakabaki na muhogo mchungu peke yake, na njaa haikuwapa nafasi ya kungoja siku zote zilizotakiwa. Kazi ya siku kadhaa ilifanywa kwa siku moja au mbili, ilhali mwili uliokosa samaki, nyama na kunde haukuwa na nguvu ya kuishinda sumu iliyobaki. Wanawake wale hawakuwa wajinga; waliijua desturi ya mama zao. Walichokosa ni muda. Kwa hiyo kanuni ya upishi ambayo mpita njia angeiona kuwa ni mazoea tu ya wazee, ilikuwa ni ukuta kati ya mtu na ulemavu, na ukuta huo ulijengwa kwa maneno ya mdomo.

Watu wasioandika kanuni zao hudhaniwa kuwa hawana vipimo. Dhana hiyo haina msingi. Pwani ilikuwa na vipimo vyake vya nafaka: vibaba 2 hufanya kisaga 1, na vibaba 4 hufanya pishi 1, yaani yapata ratili 6 za mchele. Mwenye nyumba alijua kibaba kinashibisha watu wangapi, na shughuli ya harusi ilihesabiwa kwa mapishi. Lakini ndani ya jiko vilikuwako vipimo vingine ambavyo havikuuzwa dukani. Maji ya wali yalipimwa kwa pingili ya kidole juu ya mchele. Chumvi ilipimwa kwa ncha za vidole, na moto kwa kiganja kilichowekwa karibu na chungu. Tui la pili, lililo jepesi, lilitangulia kuchemshwa na mchele. Tui la kwanza, lililo zito, lilikuja mwisho. Kisha makaa yakawekwa juu ya kifuniko ili wali ukauke kwa moto wa juu na wa chini. Mchuzi wa tui ulikorogwa bila kuachwa mpaka uchemke, kwani ukiachwa tui hukatika. Msichana aliyeuliza ni kiasi gani alijibiwa kuwa ni kiasi chake. Jibu hilo halikuwa fumbo wala uchoyo. Lilimtaka akae, aangalie, aonje, akosee na arudie, maana siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Haifai, hata hivyo, kuieleza historia hii kana kwamba jiko lilikuwa mahali pa upendo mtupu. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, aliandika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alieleza jikoni za jumba la kifalme, ambamo wanyama walipikwa wazima wazima na samaki wakubwa waliletwa wakichukuliwa na watu wawili. Chakula cha ukarimu wa namna hiyo kilikuwa na mikono nyuma yake, na katika majumba ya wakubwa mikono hiyo ilikuwa ya watumwa na vijakazi. Wao ndio waliotwanga, waliopepeta, waliokuna nazi na waliosimama motoni. Wengi walitoka bara, wakiwa na maarifa ya makwao, na huku wakajifunza ya pwani. Sifa ya karamu ilikwenda kwa bwana. Jina la mpishi halikusomwa popote. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua kwa ajili ya sinia ya mwingine aliweza kuvikaanga mlangoni pake na kuviuza kwa faida yake. Alitoka katika nyumba ile bila mali, lakini hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya alichokijua.

Njia nyingine ya maarifa hayo ilikuwa ni ujirani. Mwezi wa Ramadhani ufikapo, sahani zilizofunikwa kwa kawa hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile kabla ya magharibi, na kwa desturi ya uungwana sahani hairudishwi tupu. Aliyepeleka tambi hupata mkate wa kumimina; aliyepeleka muhogo wa nazi hupata sambusa. Kwa njia hiyo chakula cha Mhindi kiliingia kwa Mswahili, na cha Mswahili kwa Mhadhrami. Maneno pilau, biriani, chapati na achari yalipita njia hiyo hiyo, yakakaa katika lugha bila kuuliziwa kabila. Atakaye kujua nani alikaa jirani na nani katika mji wa Lamu, Mombasa au Unguja, na atazame yaliyomo sahanini.

Katika karne ya 20 kalamu iliingia jikoni. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na maarifa ya nyumbani yakawa somo. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa nchini Kenya, na katika vyama vyake vya vijijini wanawake walifundishana upishi, ushoni na malezi. Kikombe na kijiko vilichukua nafasi ya kibaba na kiganja, na daftari la msichana likaanza kubeba yale ambayo zamani yalibebwa na kumbukumbu. Faida yake ni kubwa: aliye mbali na mama yake aweza kupika kama mama yake, na kifo cha bibi mmoja hakifungi mlango wa elimu yake yote. Walakini karatasi ina upungufu wake. Yaweza kusema muhogo uanikwe siku ngapi. Haiwezi kuonja kama uchungu umekwisha. Yaweza kutaja uzito wa nazi. Haiwezi kujua kama nazi ya leo imekomaa. Kwa hiyo aandikaye ameifanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki bado yadai mtu wa kusimama karibu na mtu.

Mali nyingi hupungua zikigawanywa. Upishi ni katika mali chache ambazo hupungua zikifichwa. Aliyeificha siri ya chungu chake alikwenda nayo kaburini. Aliyeitoa huendelea kuwalisha watu wasiomjua hata kwa jina. Figa moja haliinjiki chungu, na watu wa pwani na bara wamelijua hilo tangu mafiga yalikuwa mawe matatu uani. Kumbukumbu ya wapishi hao haikusimamishiwa mnara. Inapatikana kila jioni, mahali popote mkono mdogo unapotiwa ndani ya maji ya wali kupima pingili, na mkono mkubwa ukiwa karibu kuusahihisha.