Lehemu ikishuka si heri daima kwa anayesafishwa damu

KWA miaka mingi watu wamefunzwa kwamba lehemu nyingi katika damu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni adui wa moyo, na kwamba kadiri inavyopungua ndivyo mtu anavyozidi kuwa salama. Funzo hilo ni sahihi kwa watu wengi. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi na anaishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, hesabu hiyo hubadilika. Miongoni mwa wagonjwa hao, wenye lehemu ya chini sana ndio mara nyingi hufariki mapema.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki ya Kenya. Huku, maziwa ya ngamia, nyama ya mbuzi na samli ni chakula cha asili, na mgonjwa wa figo huweza kushauriwa na jamaa na majirani aviache vyote kwa kuhofia mafuta. Akifuata ushauri huo bila kumuuliza daktari, huenda akaponea upande mmoja na kuangamia upande mwingine.

Zamani mgonjwa wa Garissa aliyehitaji huduma hii alilazimika kusafiri takriban kilomita 370 hadi Nairobi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2015, serikali ya kitaifa ilipotia saini mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, ambao ulifikisha mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, Garissa ikiwa miongoni mwazo. Bima ya kitaifa ya NHIF nayo ililipia vipindi 2 kwa juma, Sh9,500 kila kipindi, hadi majukumu yake yalipochukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mnamo Oktoba 2024.

Mashine zikishafika, swali linalofuata ni jinsi ya kuishi nazo kwa muda mrefu.

Lehemu na figo

Lehemu ni aina ya mafuta ambayo ini hutengeneza na ambayo pia hupatikana katika vyakula vya wanyama. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Ikizidi, hasa ile aina inayoitwa lehemu mbaya, huganda ndani ya mishipa ya damu na kuizuia. Kwa kawaida madaktari hupenda jumla ya lehemu isipite milimoli 5.2 kwa lita, yaani miligramu 200 kwa desilita.

Mwaka 1990, watafiti wa Marekani, Edmund Lowrie na Nancy Lew, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 12,000 waliokuwa wakisafishwa damu. Waligundua kwamba hatari ya kufa ilikuwa kubwa kwa wale waliokuwa na lehemu ya chini, na kubwa zaidi kwa wale ambao damu yao ilikuwa na upungufu wa albumini, protini inayoonyesha hali ya lishe na afya ya mwili kwa jumla.

Je, hiyo ina maana kwamba lehemu nyingi humlinda mgonjwa? Jibu lilipatikana mwaka 2004, watafiti wakiongozwa na Yongmei Liu na Josef Coresh walipofuatilia wagonjwa 823. Waliwagawa katika makundi mawili: wenye utapiamlo au mchochota, yaani hali ya mwili kujihami dhidi ya maambukizi au madhara mengine, na wale wasiokuwa na matatizo hayo.

Katika kundi la kwanza, wenye lehemu ya juu walielekea kuishi zaidi. Katika kundi la pili mambo yalikuwa kinyume: kila lehemu ilipopanda kwa miligramu 40 kwa desilita, hatari ya kufa iliongezeka kwa takriban asilimia 32, kama inavyotarajiwa kwa watu wengine.

Kwa hiyo si lehemu iliyowaokoa wala kuwaua wagonjwa wa kundi la kwanza. Utapiamlo na maambukizi ndiyo yaliyoshusha lehemu, na hayohayo ndiyo yaliyofupisha maisha. Mfugaji yeyote wa Wajir au Mandera analielewa jambo hili. Nundu ya ngamia ikilegea wakati wa kiangazi, hapotezi muda kuitibu nundu. Anajua kwamba ni dalili ya njaa, naye humtafutia mnyama malisho.

Kinachomdhoofisha mgonjwa

Sababu za udhoofu huo ni kadhaa. Kwanza, kila kipindi cha kusafishwa damu, ambacho kwa kawaida huchukua saa 4, huondoa uchafu pamoja na gramu kadhaa za viini vya protini. Pili, sumu zinazobaki mwilini, hasa mgonjwa anapokosa kipindi, huua hamu ya kula. Tatu, mirija inayowekwa shingoni au kifuani kwa ajili ya mashine ni mlango rahisi wa maambukizi. Ndiyo maana madaktari hupendelea mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji. Mgonjwa mwenye mrija anayepata homa na kutetemeka anapaswa kurudi hospitalini siku hiyohiyo.

Katika Kaskazini Mashariki, mazingira huongeza mzigo. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya, na maziwa yakaadimika katika familia nyingi. Kisha mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya mwaka 2024, yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi karibu na Madogo. Kwa mtu ambaye uhai wake unategemea mashine mara mbili kwa juma, barabara iliyokatika ni hatari kubwa.

Dawa za kushusha lehemu

Kwa kuwa maradhi ya moyo ndiyo sababu kuu ya vifo vya wagonjwa hawa, madaktari walitarajia kwamba dawa za aina ya statini zingewaokoa kama zinavyowaokoa watu wengine. Haikuwa hivyo.

Nchini Ujerumani, jaribio lililotangazwa mwaka 2005 liliwapa dawa ya atovastatini baadhi ya wagonjwa 1,255 wenye kisukari waliokuwa wakisafishwa damu. Lehemu mbaya ilishuka kwa asilimia 42, lakini upungufu wa vifo vya moyo na mishtuko ya moyo ulikuwa mdogo mno kuweza kuthibitishwa. Mwaka 2009, jaribio jingine la wagonjwa 2,776 katika mataifa 25, kwa dawa ya rosuvastatini, lilipata matokeo kama hayo.

Mwaka 2011 jaribio la tatu, la wagonjwa 9,270 wa figo, lilionyesha kwamba kuchanganya dawa mbili, simvastatini na ezetimibu, kulipunguza maradhi yatokanayo na kuziba kwa mishipa kwa asilimia 17. Lakini takriban theluthi mbili ya washiriki walikuwa hawajaanza kusafishwa damu.

Wataalamu wanaeleza kwamba moyo wa mgonjwa wa mashine mara nyingi huuawa na mambo mengine: mapigo kuvurugika kwa sababu ya potasiamu, misuli ya moyo kunenepa kwa shinikizo la damu na maji mengi, na mishipa kukakamaa kwa chokaa. Statini haziyagusi hayo.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 unashauri kwamba mgonjwa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu asianzishiwe statini, lakini aliyekuwa akizitumia tangu awali aendelee nazo. Wagonjwa wa figo wenye umri wa miaka 50 au zaidi ambao hawajafikia mashine hushauriwa kuzitumia, na waliopandikizwa figo pia hupewa. Hivyo basi, asitokee mtu akatupa dawa zake kwa kusoma makala haya. Uamuzi ni wa daktari anayemjua.

Ale nini?

Kosa la kawaida ni kuendelea na masharti ya zamani. Kabla ya mashine, mgonjwa wa figo huambiwa apunguze protini. Akianza kusafishwa damu, ushauri hugeuka, naye huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72. Yai moja lina takriban gramu 6, na gramu 100 za nyama ya mbuzi iliyopikwa zina takriban gramu 27.

Nyama isiyo na mafuta mengi, mayai, samaki na kuku basi si maadui zake. Maziwa ya ngamia yana protini, lakini pia yana fosforasi na potasiamu, na kila kikombe huhesabiwa katika kipimo cha maji ya siku. Kipimo hicho kwa kawaida ni takriban nusu lita juu ya kiasi cha mkojo anaotoa mgonjwa. Katika joto la Garissa sharti hilo ni gumu, na chumvi hulifanya gumu zaidi kwa kuleta kiu. Samli na nyirinyiri zitumiwe kwa kiasi, hasa na mwenye maradhi ya moyo.

Wakati wa Ramadhani tahadhari huzidi. Tende chache zinafaa kwa wengine, lakini kwa mgonjwa huyu zina potasiamu nyingi, kadhalika ndizi na maji ya matunda. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ni vyema azungumze na daktari pamoja na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama.

Mgonjwa anapopewa majibu ya maabara, asifurahie lehemu iliyoshuka kabla ya kuuliza maswali matatu: albumini yangu ni kiasi gani? Uzito wangu wa mwili mkavu umepungua? Je, nina maambukizi popote? Ikiwa lehemu imeshuka huku nguo zikizidi kumpwaya na chakula kikimchukiza, hiyo si habari njema. Ni ishara kwamba mwili unajila wenyewe, na hapo msaada unaohitajika haraka ni wa daktari, mtaalamu wa lishe na jamaa wa nyumbani wanaompikia.