Kovu Linalofuata Mwezi

Somo letu la leo ni la historia, nalo lawahusu hasa akina mama. Lakini ninyi akina baba msiondoke redioni, maana mama akiugua, nyumba nzima imeugua.

Tuseme mwanamke amezaa kwa kupasuliwa, na jeraha limepona vizuri. Baada ya miaka kadhaa kovu laota kivimbe kigumu. Kila akiingia hedhini kivimbe huvimba na kuuma, na pengine hutoa damu. Hedhi ikiisha, nacho hutulia. Jirani mmoja asema ni jipu. Mwingine asema amerogwa. Je, ni nini?

Kupasua mama mzazi si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1879 mmisionari Robert Felkin aliona kazi hiyo ikifanywa na wenyeji huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Walimnywesha mama pombe ya ndizi, wakamwosha tumbo kwa pombe hiyo, kisha wakafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na nyuzi za magome. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Huku kwetu kusini, daktari mpasuaji Leader Stirling alifika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, Masasi. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Basi kisu kimeokoa mama wengi, lakini kila kisu huacha kovu. Mwaka 1886 Mfaransa Villar alieleza habari za kivimbe cha namna hii kitovuni. Mwaka 1927 John Sampson wa Marekani alifundisha kwamba chembe za utando wa ndani wa mji wa mimba zaweza kutoka mahali pake, zikashika penginepo na kuota kama mbegu. Wakati wa kupasua, mbegu hizo zaweza kuangukia jerahani. Hata zikiwa ugenini hazisahau desturi ya kwao: mwezi ukifika, nazo huvimba na kutoka damu. Ugonjwa huu huitwa endometriosisi. Mara chache huota kitovuni hata kwa mwanamke asiyepasuliwa kamwe.

Sasa, mama, shika mambo matatu. Kwanza, andika tarehe za hedhi na tarehe za maumivu ya kovu, miezi miwili au mitatu. Zikilingana, umepata ushahidi mkubwa. Pili, usikubali kivimbe kitumbuliwe kama jipu. Hakina usaha, nacho kitarudi. Tatu, nenda hospitali na karatasi yako. Daktari atapima, maana hata ngiri huvimba karibu na kovu. Dawa hutuliza, lakini tiba hasa ni kukikata chote pamoja na nyama kidogo inayokizunguka, kisha kukichunguza kwa hadubini.

Unaona haya kusema? Mwambie kwanza kungwi wako, akusindikize. Aibu haijaponya kovu la mtu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.