Guka Wawili, Rafu Moja

Nilikinunua kwa shilingi 200 kwa wale wauzaji wa inama wa katikati ya jiji, wale ambao huwezi kununua kitu kwao bila kupinda mgongo. Jalada limechakaa na kurasa za mwanzo zina doa la chai. Mau Mau Detainee, cha J.M. Kariuki. Muuzaji alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Hiyo ni ya wazee, msee." Nikamlipa, nikapanda matatu.

Ni kweli ni ya wazee, na ndiyo maana niliitaka. Mimi nina guka wawili. Guka wa upande wa baba alizuiliwa Manyani. Guka wa upande wa mama alikuwa ngati, yaani mlinzi aliyepewa silaha na serikali ya mkoloni awachunge majirani zake. Wote wawili wameshafariki. Siku ya ruracio ya wazazi wangu walikaa meza moja, wakala mbuzi mmoja, na nasikia hakuna aliyetaja miaka ya hamsini. Nikiwa darasa la saba nilimuuliza guka wa Manyani kulikuwaje huko. Akajibu, "Kulikuwa na vumbi." Basi. Nilichorithi ni maneno matatu.

Kila msimu watu hupeana orodha za vitabu vipya vya kusoma. Hii yangu ni ya vitabu vikuukuu, kumbukumbu za watu waliofungwa bila kosa kuthibitishwa. Lakini kwa wengi wetu ni vipya kabisa, kwa sababu hatujawahi kuvifungua. Shuleni tulikariri tu: hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Uhuru ukapatikana 1963. Kilichofanyika katikati kilipita haraka kama kituo ambacho dereva hataki kusimama.

Kariuki hakupita haraka. Alizuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960, miaka saba, akihamishwa kambi hadi kambi, 14 kwa jumla. Kitabu chake kilitoka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru, wakati kumbukumbu ilikuwa bado mbichi. Kinachonishika ndani yake si mateso peke yake. Ni jinsi watu walivyojipanga kambini: walivyofundishana kusoma, walivyowekeana sheria, walivyoandika barua za malalamiko na kuzitorosha nje. Kuandika kulikuwa hatari, na bado waliandika. Ukienda Mombasa kwa basi unapita Manyani kabla ya kufika Voi. Gereza lingali pale. Abiria wengi wakati huo wanatazama simu.

Kwa nini ushahidi wa namna hii ni muhimu? Chukua Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya shuruti. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua ukweli, mambo yakafika Bunge la Uingereza. Sasa jiulize: pale ambapo hapakuwa na daktari wa kufungua maiti, ni "maji" mangapi yaliandikwa kwenye faili?

Na faili zenyewe zilisafirishwa. Wakoloni walipokuwa wakiondoka, karatasi nyingi zilichomwa na nyingine zikapelekwa Uingereza. Ni mwaka 2011 tu, wazee wetu walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ambapo serikali hiyo ilikiri kuwa ina faili 1,500 hivi za Kenya zilizofichwa Hanslope Park. Juni 2013 ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kwa hiyo kwa karibu miaka 50, aliyetaka kujua kambini kulitendeka nini alikuwa na vitu viwili: wazee wake, na vitabu kama hiki cha soo mbili.

Cha pili kwenye rafu yangu ni cha Gakaara wa Wanjau, mchapishaji wa Karatina aliyekamatwa mara tu hali ya hatari ilipotangazwa. Aliweka shajara kizuizini, ikiwemo kambi ya Takwa katika kisiwa cha Manda, kule ambako leo watu huenda kupiga picha za magofu. Aliiandika kwa Gĩkũyũ, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ikachapishwa 1983 na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma. Ipo tafsiri ya Kiingereza. Shajara ni tofauti na kumbukumbu: mwandishi hajui kesho itakuwaje.

Cha tatu ni Mau Mau's Daughter cha Wambui Otieno, 1998. Wengi wanamkumbuka kwa kesi ya mazishi ya mumewe, S.M. Otieno. Lakini kabla ya hapo alikuwa mpelelezi wa Mau Mau hapa Nairobi. Anaandika waziwazi kwamba alibakwa na afisa Mwingereza akiwa kizuizini Lamu. Hesabu miaka: kitabu cha Kariuki kilitoka 1963, chake miaka 35 baadaye. Wanaume walianza kusimulia mapema. Wanawake walibeba yao kimya, na wengi walienda nayo kaburini.

Halafu kuna sehemu ya hadithi ambayo ingetuaibisha zaidi. Uhuru ulipokuja, magereza hayakufungwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka aliouita Kenya: Twendapi? Gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakawa Sauti ya Dhiki, 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mwisho wa 1977 ikawa zamu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Kamiti, naye akageukia karatasi za chooni. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria wa Mau Mau, alitiwa ndani 1982 akatoka 1988. Na J.M. mwenyewe? Machi 1975 alitekwa na kuuawa, mwili wake ukapatikana Ngong. Mkoloni alimzungusha kambi 14 hakummaliza. Mau Mau yenyewe ilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003. Guka wangu aliishi miaka 40 ya Uhuru akiwa, kwa sheria, mwanachama wa genge.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa "kulikuwa na vumbi".

Lakini nilipopanga vitabu hivi kwenye rafu niliona pengo. Vyote ni vya upande mmoja. Yuko wapi ngati aliyeandika maisha yake? Sijakutana naye. Kitabu kilichonisaidia ni cha mwanahistoria Daniel Branch, Defeating Mau Mau, Creating Kenya, 2009. Anaonyesha kwamba watu walijiunga na ulinzi kwa sababu nyingi: woga, kisasi, ardhi, imani, na wengine walibadilisha upande zaidi ya mara moja. Anaonyesha pia walichopata. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila hati ya uaminifu. Na mashamba yalipimwa upya na kuunganishwa wakati wengine bado wako kambini.

Shamba la kina mama liko chini karibu na mto, lina hati, lina migomba na ng'ombe wa gredi. La kina baba ni nusu eka, mteremkoni. Tangu utotoni nilidhani ni bahati tu. Siku hizi nikienda ushago huangalia ile mipaka ya mikinduri na nashindwa kuiona kama miti tu.

Sisemi guka wangu mmoja alikuwa malaika na mwingine shetani. Wote wawili walininunulia peremende. Ninachosema ni kwamba aliyeteswa aliachiwa kazi ya kukumbuka, na aliyefaidika akaruhusiwa kusahau. Sisi wajukuu tumekalia kimya hicho, na wengine wetu tunakilimia.

Wiki iliyopita Mama alikuja kunitembelea, akakuta vitabu mezani. Akavipekua kimoja kimoja, akasoma majina. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na sisi tuliandika nini?"

Nikampa cha Branch. Aliondoka nacho kwenye kiondo chake. Jana alinipigia simu kunieleza habari za mvua na bei ya maziwa. Kabla ya kukata akasema amefika katikati, na kwamba nikija Krismasi nije na kalamu.